Ketsia Anapima Shamba la Papa Yake

Mtoto wangu wa kwanza, Ketsia, alianza kuuliza maswali kabla hajang'oka jino. Akiwa na miaka saba alimuuliza mchungaji mbele ya kanisa zima: kwenye arusi ya Kana, nani aliosha sahani? Mchungaji alikohoa, akatangaza wimbo. Mimi niliinama kama natafuta kiatu.

Kwa hiyo aliposema anakwenda chuo kikuu huko Uvira kusoma habari za wanawake na wanaume, sikushangaa. Niliogopa tu. Majirani walicheka.

"Mama Ketsia, kumbe banamuke tunasomwa? Si angebaki hapa Baraka atuangalie bure?"

Mimi shule yangu iliishia darasa la nne, kwa hiyo nilimuuliza mwenyewe. Ketsia alinieleza tukichambua sombe, majani ya mihogo: mwalimu wa sheria anawafundisha kipande chake, wa kilimo chake, wa afya na wa historia vilevile, kisha wao wanavikusanya vyote ili kutazama jambo moja, yaani nani anafanya nini hapa duniani, na nani anasifiwa.

"Na kazi utapata?"

"Mama, kwanza nimalize."

Kumaliza ndiko kulikotusumbua. Kwa kazi yake ya mwisho alirudi nyumbani na karatasi, akazunguka mtaa wetu akiwauliza wanawake thelathini: shamba la mihogo ni la nani, na nani analima? Alianza na mimi. Mume wangu, Bonaventure, alikuwa amekaa pale pale akishona wavu. Ningesema nini?

"Shamba iko ya papa yako. Ni yeye analima."

Ndivyo mke mwenye adabu anavyomjibu mtu mwenye karatasi, hata kama mtu huyo alinyonya ziwa lake. Ketsia alinitazama sana, lakini alikuwa amekatazwa kubadilisha neno la mtu. Akaandika. Wenzangu ishirini na tisa walijibu kama mimi.

Baada ya wiki, Profesa Néhémie, anayemwongoza, akapiga simu. Nilikuwa nimesimama karibu kwa makusudi, nikasikia kila kitu.

"Ketsia, katika karatasi zako hakuna mwanamke hata mmoja anayeshika jembe. Wewe mwenyewe unaamini? Acha kuwauliza wakiwa wamekaa nyumbani. Nenda nao shambani, upime kwa metre, wakuonyeshe. Usiponiletea kabla ya mwezi kwisha, hutatetea kazi yako mbele ya walimu mwaka huu."

Mwaka mzima wa mwanangu ungepotea kwa adabu yangu. Lakini kulibadilisha neno langu mbele ya Bonaventure, hilo nalo sikuliweza.

Ni Bonaventure mwenyewe aliyesimama. "Kupima tu? Twende. Mi nitakuonyesha shamba yangu."

Akashika metre, ule utepe wa kupimia, akatangulia kwenye njia inayopanda kuelekea Fizi. Mume wangu ni mtu wa ziwa. Anajua kila jiwe lililo chini ya maji kutoka hapa hadi Kazimia. Shambani alifika mara ya mwisho Ketsia akiwa bado anabebwa mgongoni. Mimi nilifuata nyuma na jembe langu. Tukalifikia shamba letu. Akalipita. Nikaona, nikazidi kumfuata.

Akasimama kwenye shamba lililofuata. "Shika hapa, mutoto. Hii mihogo nililima mi mwenyewe, mustari kwa mustari."

Katikati ya majani kikainuka kitambaa cha kichwa. Alikuwa Cassilde, mkimbizi kutoka Burundi aliyekodi kipande kinachopakana na chetu.

"Papa Ketsia, asante kunilimia! Unakujaga saa ngapi, mbona sijakuona?"

Bonaventure akatazama kushoto, akatazama kulia. "Sasa yetu iko wapi?"

"Umeipita pale," Cassilde akajibu. "Imekusalimia, hukuitikia."

Ketsia alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akajifuta macho, akafungua kalamu.

"Mama, nani analima?"

Nilimtazama mume wangu. Bado alikuwa ameshika ncha ya metre.

"Mi," nilisema. "Nalima mi. Tangu we uzaliwe."

Cassilde alijifanya anang'oa jani.

"Andika, Ketsia," Bonaventure akasema mwishowe. "Lakini uandike pia kwamba metre nilishika mi."

"Papa, vyote naandika. Kwa sheria shamba ni lako, kwa jembe ni la mama. Kazi yangu ni kueleza kwa nini havifanani."

Siku zilizofuata Bonaventure alikwenda na binti yake nyumba kwa nyumba, na metre begani kama askari. Mwanaume akifungua kinywa, Bonaventure anamzuia: "Ndugu, usijibu. Kwanza utuonyeshe njia." Wanaume waliangalia miguu yao. Wake zao walitangulia.

Ketsia alitetea kazi yake, akapita. Kwenye ukurasa wa shukrani ameniandika mimi kama mkulima, na Bonaventure kama mshika metre. Ukurasa huo mume wangu ameshaomba asomewe mara tatu. Jumamosi iliyopita, nikiwa mlangoni na jembe, aliniuliza kama mtu anayeuliza hali ya hewa: mihogo michungu iko upande gani?

Nilimwambia anifuate.