Injini Ikiwaka

Simu ya mkononi ya Amoit ni miongoni mwa chache sana zilizopo Malaba mwaka huu wa 1999, nayo inafanya kazi kwa sababu kibanda chake kiko karibu mno na mpaka, hata inadaka mitambo ya simu ya Uganda. Madereva wa malori huwaachia wake zao namba hiyo. Ujumbe ukiingia, Ikapel huupeleka kwa baiskeli.

Ikapel alikuwa fundi wa kazi hiyo. Alijua lori la nani limesimama wapi kwenye foleni, nani anakula, nani amelala chini ya trela, nani ana mgeni ndani. Alichagua wakati. Kanuni moja hakuivunja kamwe: dereva aliyewasha injini hapewi habari mbaya. Mmoja aliwahi kupewa, akaingiza lori mtaroni. Madereva wenyewe walimsifu Ikapel kwa busara hiyo.

Asubuhi moja ya Juni Amoit alimwita.

"Ni ya Callistus. Baba yake huko Sigalame amezidiwa, anamwita. Kimbia!"

Callistus alikuwa wa kwanza kwenye lango la mpaka, karatasi zimepigwa muhuri, injini inanguruma.

"Ikapel! Uko na kitu yangu?"

"Hakuna, boss."

"Basi mbona unanikodolea macho kama askari? Toa hiyo baiskeli, nitaikanyaga!"

Ikapel aliona hakuna tatizo. Malori husimama ng'ambo kukaguliwa. Huko Callistus angezima injini, naye angemwambia. Siku hiyo lori halikusimamishwa. Lilipungiwa mkono lipite, likashika barabara ya Tororo. Ikapel alilifukuza, akanyonga baiskeli mpaka miguu ikamkatalia.

Callistus aliporudi kutoka Kampala, baba yake alikuwa amekwisha kuzikwa. Amoit alimweleza ujumbe uliingia lini. Callistus akamtafuta Ikapel.

"Uliniambia hakuna."

"Injini ilikuwa inawaka, boss."

"Ningeizima."

Hakupaza sauti. Ikapel anasema afadhali angepigwa.

Tangu hapo hachagui wakati. Hugonga mlango wa lori dereva akiwa usingizini. Husimama juu ya sahani ya mtu na kutangaza msiba.

"We Ikapel, ngoja basi nimeze!"

Hangoji. Petronilla, mwenye hoteli karibu na maegesho, ameapa kumtoa kwa mwiko. "Wateja wanaacha ugali nusu kwa sababu yako," anamwambia. Madereva wanaomsifu sasa ni wachache.

Callistus hajawahi kumuuliza tena kama ana kitu chake. Wiki iliyopita lori lake lilikuwa langoni, limeshaanza kusogea. Ikapel aliweka baiskeli mbele ya magurudumu, akapunga mikono yote miwili.

Callistus alizima injini. Akatoa kichwa dirishani, uso umemkauka.

"Sema."

"Mama watoto anauliza kama Jumapili utalala nyumbani."

"Ni hiyo tu?"

"Ni hiyo tu, boss."

Foleni nzima ilikuwa ikipiga honi. Callistus alikaa, mikono kwenye usukani, asiwashe. Ikapel naye alisimama palepale na baiskeli yake, akingoja aambiwe atoke.