Mashine Iliyokula Nyimbo

Juzi, sokoni Kwa Sadala, niliona mashine kuukuu ya kumenyea kahawa. Ilikuwa kavu kabisa, lakini mimi nilisikia harufu tamu ya maganda mabichi.

Nilipokuwa mdogo, baba alikuwa akizungusha mashine kama ile kwenye migomba yetu, kila akitoka kukata majani ya ng'ombe, huku akiimba besi ya kwaya. Niliamini ni wimbo uliozungusha gurudumu.

Alasiri moja sauti ilikuwa imemkauka kwa mazoezi ya kwaya. Ndoo zilijaa kahawa nyekundu, na kahawa iliyochumwa haingoji kesho. Nikaanza kulia.

“Unalilia nini, mama?” baba alininong'oneza.

“Kahawa itaoza! Huwezi kuimba!”

Akatikisa kichwa kwa huzuni kubwa. “Basi imba wewe.”

Niliimba kwa nguvu zangu zote, na gurudumu likazunguka. Nilipovuta pumzi, lilisimama. Nilipokosea, lilirudi nyuma.

“Baba Neema, acha kumtesa mtoto!” mama alicheka kutoka zizini.

“Mama Neema, taratibu,” baba alinong'ona, “utaizima mashine.”

Pale sokoni niliushika mpini, nikatazama huku na huku, nikaimba.

Ikazunguka.