Pale Peupe Kwenye Ramani

Mimi huuza maziwa Isiolo mjini, na mdomo wangu unajulikana soko zima. Ndiyo maana serikali ya kaunti ilipotuita kupanga matumizi ya ardhi, wafugaji, wakulima na askari wa wanyamapori pamoja, majirani zangu wa kijijini Ngaremara walinichagua mimi. "Nenda wewe," walisema, "hutanyamazishwa."

Afisa wa mipango, kijana Mmeru mwenye adabu, alitandaza ramani mezani. Upande wetu palikuwa na eneo jeupe.

"Hapa hakuna boma hata moja," akasema. "Ni ardhi tupu. Tutaweka mashamba ya kunyunyizia maji, na uzio."

Wallahi, damu ilinichemka. Hapo ndipo ng'ombe wetu hukimbilia mvua ikikosekana. Pakifungwa, kiangazi kimoja tu kingenimalizia ng'ombe wote.

"Kijana wangu," nikamwambia, "ukikuta gunia la mahindi limefungwa jikoni kwa mama yako, utasema halina mwenyewe? Hapo hakuna mtu kwa sababu tumekatazana. Anayeingiza mifugo kabla ya wakati, wazee humtoza fahali. Akiba haiozi!"

Watu wakacheka. Yeye hakucheka. Alikunja ramani yake akasema, "Basi, mama, nipeleke nikaone."

Kesho yake tukaenda kwa miguu, yeye na viatu vyake vya ofisi, mimi nikimtania njia nzima. Nyasi zilitufika magotini. Askari wa wanyamapori tuliyekuwa naye akatuonyesha mavi ya ndovu kwenye njia ya zamani ya ng'ombe wetu. Nao walipita palepale, basi ardhi ile haikuwa tupu hata kidogo. Mimi sijawahi kuwapenda ndovu, lakini siku hiyo walinitolea ushahidi.

Tulibishana vikao vingi. Mwishowe wakulima wenyewe, wakihofia ndovu wangekanyaga mazao yao, wakakubali mashamba yasogezwe karibu na barabara, na pale peupe pasiguswe.

Kiangazi kilichofuata kilikuwa kibaya. Wazee wakafungua malisho. Ng'ombe wangu walirudi mbavu nje, lakini walirudi wote. Mvua iliponyesha na wakaanza kutoa maziwa, kibuyu cha kwanza sikukipeleka sokoni, nilikipeleka kwa yule kijana ofisini.

Ramani mpya ilikuwa ukutani. Pale peupe pamepakwa kijani, na juu yake kuna maneno. Nilisoma polepole, maana shule niliiacha mapema nikachunge mbuzi: "Akiba ya kiangazi."

Nikayasoma tena, kwa sauti, ofisi nzima isikie.