Mawingu Aliyoyafuta Mume Wangu

Mume wangu aliporudi kutoka Nachingwea, kwenye harusi ya mdogo wake, alinirudishia simu yangu niliyomwazima. Akaniambia, kama mtu anayesubiri ashukuriwe, "Ilikuwa imejaa. Nimefuta yale mawingu."

"Yote?"

"Mawingu tu, mama. Si yapo hapo juu kila siku?"

Nilikuwa nikipiga picha za mawingu tangu niinunue simu ile. Hapa Ruangwa ukisimama barabarani na simu imeelekea juu, watu wanakucheka. Sikujali. Lakini nyingi nilizipigia Nambilanje, nilipokuwa namuuguza mama. Wakati wa mvua mawingu yalikuja mazito, ya rangi ya moshi, yakasimama juu ya nyumba yake mpaka nyumba ikaonekana kama kiberiti. Sikuwahi kufikiria kuipiga picha nyumba yenyewe. Ilikuwepo tu, chini ya kila wingu, na mara nyingine mama mlangoni, akiniuliza huko juu naona nini.

Mama alifariki. Kaka zangu wakaibomoa nyumba, wakapanda ufuta.

"Na nyumba ya mama?" nilimuuliza mume wangu.

"Nyumba gani? Mimi sikuona nyumba."

Hakuona! Miaka yote ile hakuwahi kukaa na mimi akazitazama picha zangu, hata mara moja. Nilimwambia maneno ambayo majirani waliyasikia, na silijutii hata moja.

Kesho yake niliipeleka simu kwa fundi. Alihangaika nayo asubuhi nzima, akatikisa kichwa. Video za harusi zilikuwa zimechukua nafasi ya picha zangu. Watu wanacheza muziki, wanapiga vigelegele, na mama yangu hayupo tena.

Nikaenda Nambilanje. Kaka yangu mkubwa alinikuta nimesimama katikati ya ufuta.

"Mdogo wangu, unatafuta nini?"

"Mlango ulikuwa wapi?"

Akanyoosha mkono, kisha akausogeza kidogo, kisha akausogeza tena. Aliibomoa mwenyewe na hakumbuki! Nilimwacha palepale bila kumuaga.

Mume wangu ameninunulia memori kadi mpya. Jana tukiwa tunakula akaniuliza, "Bado una hasira na mimi?"

"Ndiyo," nikamjibu, nikamsogezea bakuli la mboga.