Nilimfanya Profesa Mgomvi, Mwenzangu Akapoteza Kazi

Mwenye kosa ni mimi. Nalisema mwanzoni kabisa ili usije ukapoteza huruma yako bure. Nilimpotezea mwenzangu kazi kwa sababu ya neno moja la Kiingereza ambalo sikulijua, nikajifanya nalijua!

Mimi ni mwalimu wa hisabati kwenye sekondari moja ya binafsi hapa Mbeya. Nina digrii. Hiyo digrii niliivaa kama tunavyovaa koti mwezi wa Julai huku kwetu, siivui hata nikiwa ndani. Walimu wenye diploma nilikuwa nawaita "wasaidizi." Mtu akikosea kutamka neno la Kiingereza ofisini, wa kwanza kucheka ni mimi, tena kicheko cha kusikika mpaka jikoni. Nilijiona nani sijui!

Mwaka juzi mkurugenzi wa shule alitaka tufanye siku ya hisabati. Wazazi waje, mgeni rasmi aje, wanafunzi waigize. Kwenye maktaba yetu kuna kitabu cha zamani cha jiometria kilichoachwa na wamisionari. Kimeandikwa na profesa mmoja Mwingereza wa enzi za Malkia Viktoria, na mwanzoni kina kurasa kama kumi na mbili zinazoeleza maisha yake. Mkurugenzi akanipa kazi ya kuzitafsiri kwa Kiswahili tuchape kijitabu, halafu nitunge igizo.

Maisha yenyewe sasa! Baba yake fundi viatu. Mtoto akasomeshwa na kanisa, akaenda chuo kikuu kikongwe cha huko kwao, kisha akafundisha hesabu zaidi ya miaka thelathini kwenye mji wa viwanda wenye moshi na mvua. Hakuoa. Alifuga nyuki. Akaandika hicho kitabu kimoja, akafa. Nikasema, hivi kuna mzazi atakayefunga duka lake aje kumwangalia mtu anafuga nyuki?

Ndipo nikakutana na lile neno. Iliandikwa kwamba alipomaliza chuo alikuwa "second wrangler." Nikapiga meza kwa furaha. "Wrangle" nalijua, ni kugombana. Basi huyu alikuwa mgomvi, tena mgomvi wa pili chuo kizima! Igizo nimelipata.

Kuanzia hapo nikaipinda kila sentensi ifuate ugomvi. Palipoandikwa profesa alihama nyumba, nikaandika aligombana na mwenye nyumba. Palipoandikwa alijiondoa kwenye chama cha wanahisabati kwa sababu ya afya, nikaandika walishikana mashati. Nilijisikia mwandishi mkubwa kweli.

Ukurasa mmoja tu ulinisumbua. Ulisema siku moja profesa aliingia darasani, akafuta ubao mzima, akatangaza kwamba hesabu aliyoifundisha jana yake ilikuwa na kosa. Akasema aliyeliona kosa ni mwalimu wa kike wa shule ya watoto wadogo, aliyekuwa anakuja kusikiliza amekaa nyuma. Akamtaja kwa jina mbele ya wanachuo wote, na kitabu kilipochapwa mara ya pili akaliweka jina hilo kwenye dibaji. Sasa mgomvi gani huyo? Ukurasa haukukaa vizuri na igizo langu, nikauruka.

Kazi ya kuchapa kijitabu kwenye kompyuta alipewa mwalimu ambaye hapa nitamwita Tulinagwe, maana jina lake halisi sina haki ya kulitumia. Alifundisha hesabu kidato cha kwanza na cha pili. Mtu wa Rungwe, mpole, ana diploma. Siku ya pili akanijia mezani na kitabu kile cha wamisionari mkononi.

"Mwalimu, samahani. Hapa wanasema chuo kilimpa zawadi. Sasa chuo gani kinampa mtu zawadi kwa ugomvi?"

"Wazungu wana mambo yao," nikamjibu.

"Na huyo mgomvi wa kwanza alikuwa nani? Walikuwa wanawapanga kwa namba?"

Walimu wawili wakacheka. Nikajua wananicheka mimi, damu ikanipanda.

"Halafu kuna ukurasa umerukwa," akaendelea, taratibu vilevile. "Huu wa kukiri kosa darasani. Tukisema alikuwa mgomvi, huu ukurasa unakataa. Mimi naona hilo neno lina maana nyingine. Tumuulize mtu kabla hatujachapa."

Jamani! Hiyo ni hoja ya hisabati kabisa, ile tunayowafundisha wanafunzi kila mwaka: chukulia jambo ni kweli, ukifika mahali linajipinga lenyewe, basi si kweli. Dada wa watu aliniwekea uthibitisho kamili juu ya meza. Mimi mwenye digrii nikashindwa kuuona, kwa kuwa umetoka kwa mwenye diploma.

Nikamwambia kwa sauti ili ofisi nzima isikie, "Dada, hiyo diploma yako ilikuwa ya hesabu au ya Kiingereza? Maana naona yote mawili yanakupiga chenga."

Watu wakacheka, safari hii upande wangu. Tulinagwe akafunga kitabu. "Haya, Mwalimu. Ndaga," akasema. Kwao hiyo ni asante. Akaenda kuchapa kama nilivyoandika.

Siku ikafika, ukumbi ukajaa. Mgeni rasmi alikuwa mzee mmoja mhadhiri mstaafu wa hisabati kutoka Iringa. Alitusalimia "Kamwene!" wazazi wa Kihehe wakaitikia kwa shangwe. Mwanafunzi wa kidato cha tatu akapanda jukwaani na ndevu za pamba, akapiga ngumi meza, akanguruma, "Mimi ni Mgomvi wa Pili! Wa kwanza yuko wapi nimtandike?"

Ukumbi ukaanguka kwa kicheko. Mzee naye alicheka mpaka akavua miwani akafuta macho. Mimi nimesimama pembeni na suti yangu, kifua mbele, nangoja kusifiwa.

Mzee akainuka na kijitabu mkononi. "Wanangu," akasema, "mmenifurahisha sana. Ila huyu profesa wa watu mmemwonea. Kile chuo chao, aliyefaulu hesabu daraja la juu kabisa aliitwa 'wrangler'. Wa pili maana yake alishika nafasi ya pili katika mtihani, nchi nzima ikamjua. Hakugombana na mtu, ni namba tu alizopigana nazo." Kisha akauliza, bado anatabasamu, "Nani katafsiri?"

Hakukasirika! Ningesema ni mimi, mzee angenipiga begani, wazazi wangecheka tena, tungekwenda kula pilau. Mkurugenzi akanigeukia. Nami nikafungua mdomo wangu huu.

"Ni Mwalimu Tulinagwe, mzee. Nilimwachia yeye kutafsiri, nikamwamini tu, nikatunga igizo."

Alikuwa nyuma ya ukumbi anawapangia wazazi viti. Akasimama, kiti kiko mkononi, akaniangalia. Kisha akakipanga kile kiti. Si mtu wa kurushiana maneno mbele ya wageni, na mimi nililijua hilo ndiyo maana nikathubutu.

Mkataba wake ulikuwa unakwisha mwezi uleule. Mkurugenzi alisema ameaibishwa mbele ya wazazi na hatauongeza. Mimi kama mkuu wa idara nikaulizwa kama nina la kusema. Unajua nilisema nini? "Inasikitisha, lakini kiwango cha shule kwanza." Kiwango! Mdomo uleule!

Mkurugenzi alidanganyika, wanafunzi hawakudanganyika. Mazoezi ya igizo walifanya na mimi, na ni mimi niliyewaeleza lile neno kwa mbwembwe zote. Wiki haikuisha wakanipa jina. Nikigeukia ubao nasikia kule nyuma: Mgomvi wa Pili.

Na ofisini hakuna anayenikosoa tena. Mwaka jana niliandaa majibu ya kusahihishia mtihani wa majaribio wa kidato cha nne, swali moja nikalikosea tangu mstari wa kwanza. Walimu wenzangu waliliona. Wote walinyamaza, wakasahihisha hivyohivyo, na watoto waliopata jibu sahihi wakapigwa mkasi, yaani wamekosa. Nilipogundua nikawauliza kwa nini hawakuniambia. Mmoja akanijibu bila kuinua kichwa, "Aliyekuwa anakwambia si yuko Igawa?"

Mwezi uliopita nikaenda Igawa, mji mdogo wa barabarani ambako Tulinagwe amehamia kwa mama yake. Mama yake ana mgahawa wa wali kando ya barabara kuu, malori yanaegesha pale. Nikamsalimia, "Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Karibu wali."

Tulinagwe alikuwa nyuma ya mgahawa na watoto kama kumi, ubao umeegemezwa ukutani, anawafundisha sehemu. Aliponiona akawapa zoezi, akaja akifuta chaki mikononi.

"Mwalimu. Umepotea, au umetumwa?"

"Nimekuja kukuomba msamaha."

"Mkurugenzi umeshamwambia?"

"Bado."

"Wazazi?"

"Bado."

"Wanafunzi je?"

"Wao wanajua."

"Wanajua kwa kuwa umewaambia?"

Nikageukia malori. Akatikisa kichwa.

"Basi hukuja kuomba msamaha. Umekuja kuniachia mzigo wako hapa Igawa, ili urudi Mbeya mwepesi. Kula wali, Mwalimu, usije ukasema tulikunyima. Ukimaliza, nenda ukausome ule ukurasa uliouruka."

Akarudi kwa watoto wake. Niliula ule wali mpaka mwisho, wala sikustahili hata harufu yake.

Ukurasa nimeusoma. Nimeusoma mpaka naujua kwa moyo. Mtoto wa fundi viatu, profesa mzima, anafuta ubao na kulitaja jina la mwalimu wa watoto wadogo. Kumbe ndicho kisa nilichokuwa nakitafuta, nami nilikiruka kwa mkono wangu.

Wewe unayesoma na kujiona msomi, mwenzako akikwambia umekosea, mwangalie usoni na umsikilize, hata kama cheti chake ni kifupi kuliko chako. Na ukiulizwa nani kafanya, sema mimi! Inachukua pumzi moja tu. Mimi niliibana hiyo pumzi, na mwanamke mwenye akili kunishinda anafundisha sehemu kwenye vumbi la malori.

Nimemwomba mkurugenzi dakika tano mstarini Jumatatu, ili niyataje majina mawili, la aliyekosea na la aliyeliona kosa. Akaniuliza za nini. Nikamjibu, "Za hisabati tu." Unaona? Hata hapo nimekwepa!

Ndiyo maana nimewatumia haya ninyi wa gazeti, myachape kabla ya Jumatatu, ili nikitaka kukimbia, shule nzima iwe imeshasoma. Jina langu sikuliandika, lakini wanafunzi wangu hawatahangaika kunitafuta. Mimi ndiye Mgomvi wa Pili.