Uji Ndani ya Rejeta

Jumanne, tarehe 12 Juni 1951. Kipupwe. Mawingu tangu alfajiri, upepo wa kusini, mvua hakuna. Funga ya saba, au ya sita kwa waliochelewa kuuona mwezi. Mimi nilimfuata mwadhini wetu. Leo namfuata mama mkwe Kisarawe. Nikishindwa leo, basi.

Hayo niliyaandika kwa penseli kabla ya kutoka. Mengine naandika kwa kumbukumbu, na mimi niliishia darasa la nne, kwa hiyo nikipotosha jambo si kwa makusudi.

Mama mkwe alikuwa hajakanyaga kwangu Mbwawa tangu nimwoe binti yake, miaka miwili. Si kwa ugomvi. Mara mbili niliahidi kumfuata kwa gari, na mara mbili gari lilichemka njiani nikarudi kwa miguu, naye amekaa barazani amejitanda kanga hadi magharibi. Mara ya pili alituma ujumbe: "Mwambieni mara ya tatu ndiyo ya mwisho. Mimi si gunia la mkaa la kuahidiwa lori." Mke wangu hakunisema. Aliloweka kunde, akasema, "Nitapika futari ya watu watatu. Ukirudi peke yako, utajua mwenyewe pa kulala."

Gari lenyewe lilikuwa kuukuu, limekwisha kupita kwa wenyewe watatu. Wa tatu alicheka aliponikabidhi ufunguo. Sikumuuliza anacheka nini, na hilo ni kosa langu.

Fundi niliyempata ni Mnyamwezi, Mkristo wa misheni, na kwa kuwa Wanyamwezi ni watani wetu sisi Wazaramo, kila alichotengeneza alikitengeneza na matusi juu. Alichungulia chini ya gari, akaona maji yanadondoka chini ya rejeta, pale maji ya injini yanapopozwa. "Rejeta imetoboka," akasema. "Tia ngumi moja ya unga wa muhogo na kijiko kimoja cha pilipili manga. Maji yakipata moto, unga utaziba tundu. Hata Mzaramo anaweza."

Kwa haki yake lazima niseme: alisema ngumi moja. Habari hii nitairudia, ingawa ningependa kuisahau.

Na kweli dawa ilifanya kazi. Tulikwenda hadi Kisarawe bila tone kudondoka, fundi kando yangu, kwa maana nilimwomba aje awe shahidi wa kazi yake. Mama mkwe akatoka amejitanda kanga niliyompelekea wakati wa harusi. Sikupata kumwona ameivaa kabla ya siku ile. Akapanda nyuma, akageuza uso dirishani.

Kwetu mkwe na mama mkwe hawasemeshani hivi hivi. Lazima awepo mtu kati wa kufikisha neno, na siku ile mtu huyo alikuwa fundi.

"Mwambie mama, shikamoo," nikasema.

"Mama, shikamoo ya mkweo hii hapa."

"Marahaba. Mwambie aende polepole, nina mgongo."

Alikuwa nyuma yangu dhiraa moja, hata pumzi yake naisikia. Lakini kusikia si kuambiwa. Neno la mama mkwe ambalo hujafikishiwa, huna ruhusa ya kulijua.

Hatujamaliza mteremko wa Kisarawe, mvuke ukatoka. Nilisikia harufu, nikadhani ni njaa. Haikuwa njaa. Ulikuwa uji, tena uji wa futari hasa, wenye pilipili manga, saa tisa mchana, matumbo matupu.

"Mtani," mama akasema, "mwambie mkwe wangu gari lake linakula mchana wa Ramadhani."

Fundi akanigeukia. "Mama anasifu gari."

Tukasimama, tukangoja lipoe, tukaongeza maji ya debe, tukaenda. Kwenye mchanga likachemka tena. Tukangoja tena. Mara ya tatu tulikuwa karibu na kijito, jua limeshuka, na bado safari ndefu. Nikaanza kuhesabu vichaka badala ya maili.

Hapo mama akashuka. Akalizunguka gari, akagusa rejeta juu kwa nyuma ya kiganja, akautoa mkono upesi. Akagusa chini, akauacha hapo hapo.

"Mtani, juu kunaunguza, chini baridi kama kisima. Chungu cha namna hii kimeziba, maji hayazunguki. Uji wenu umeganda humo ndani. Mwambie."

Fundi akakohoa. "Mama anasema tuongeze maji."

"Sikusema hivyo, Mnyamwezi wee! Babu zako walikuwa wakibeba mizigo ya watu mpaka pwani. Nayo ilikuwa ikifika pungufu namna hii?"

"Mizigo ilifika yote, mama. Ilipungua ilipopokelewa na Wazaramo."

Wakaendelea hivyo, na jua nalo likaendelea. Mimi nimesimama, nimesikia kila neno, na halijanifikia hata moja. Nilijua fundi anaficha kwa sababu dawa ni yake. Nilijua pia, na hili nalisema kwa aibu, kwamba kuficha kwake kulinifaa mimi zaidi.

Sijui nilipata wapi akili ile. Nikaweka mkono juu ya boneti. "Ewe gari," nikasema, "mama amesemaje?"

Fundi akanitazama kama mtu ambaye funga imempanda kichwani. Nyuma yangu mama akajitanda kanga vizuri. Kisha:

"Gari, mwambie mkwe wangu umekula uji mzito, umekukwama tumboni. Akufungue chini."

"Gari, mwambie mama nimesikia."

"Na mimi je?" akauliza fundi.

"Wewe shika bisibisi," akasema mama.

Fundi akalegeza mpira wa maji wa chini. Kwanza hakikutoka kitu. Akachokoa kwa kijiti, yakatoka mabonge meupe kama ugali wa jana, yana madoadoa ya pilipili. Fundi akayatazama, akanitazama mimi.

"Ngumi moja haizai haya," akasema polepole.

Ningeweza kunyamaza. Lakini mtu alikuwa amebeba lawama siku nzima. "Gari," nikasema, "mwambie mama fundi aliniagiza ngumi moja. Alipoondoka nikatia tatu, na pilipili vijiko vitatu. Niliona kama moja inaziba, tatu zitaziba zaidi. Nilitaka safari hii ifike."

Nikaona mabega ya mama yanatikisika ndani ya kanga. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka.

"Gari, mwambie, uji wa kwanza niliowapikia wakwe zangu ulikatwa kwa kisu."

Tukachota maji kijitoni, tukayasukuma kwa kuanzia chini ya rejeta, yakipanda juu na kumwaga taka, mpaka yakatoka meupe kama yalivyoingia. Tukafunga, tukajaza, tukawasha. Matone yakarudi pale pale, chini.

"Rejeta imetoboka," akasema fundi, safari hii kwa unyonge.

"Hata paa likivuja," mama akaliambia gari, "maji hudondokea pengine." Akanyoosha kidole juu. Mpira wa maji wa juu ulikuwa umepasuka ufa chini ya kibanio, maji yanatambaa nyuma ya rejeta na kudondokea chini yake. Unga wetu uliuziba ufa huo kwa muda tu; rejeta haikuwa na tundu tangu mwanzo. Tulikuwa tumemnywesha dawa asiyeumwa.

Fundi alikuwa na kipande cha mpira wa ndani wa gurudumu, lakini kilihitaji kitambaa chini yake kishike. Kabla hatujauliza, mama alikwisha kuchana pindo la kanga. Ile ya harusi. Nilitaka kumzuia, ila gari halikuwa na mdomo wa haraka kiasi hicho.

Ningependa kuandika kwamba tulifika pamoja na adhana. Hatukufika. Magharibi ilitukuta njiani, tukafuturu kwa maji ya debe la gari, mama wa kwanza. Lakini halikuchemka tena. Mke wangu alikuwa mlangoni na taa, akamulika ndani ya gari, akamwona mama yake, akasahau kunisalimu.

Mama alikula chumbani na binti yake, mimi na fundi barazani. Futari ilikuwa ya watu watatu na tulikuwa wanne. Tulikula muhogo wa nazi, kunde, na uji wa mtama wenye pilipili manga, mwepesi, unaomiminika. Fundi, ambaye hakufunga, alikunywa bakuli tatu; mimi mbili.