Kifungo cha Pili Kutoka Juu

Fundi cherehani wa mtaa wetu alikuwa na ujanja mmoja ambao hakumwambia mtu. Nguo ilitoka kwake imenyooka, mshono safi, lakini kifungo cha pili kutoka juu alikishikiza kwa uzi uliopita mara moja tu. Siku chache baadaye kinaning'inia. Mwenye nguo anarudi, anaketi kwenye kigoda, wanapiga soga huku fundi akishona kama mtu asiye na haraka ya kwenda popote.

Alianza hayo mkewe alipofariki na binti yao akiwa ameolewa mbali. Siku ya mgeni wa kifungo, fundi alikula akashiba, akalala fofofo. Siku isiyo na mtu alikunywa chai kavu, akasikiliza moyo wake ukidunda masikioni.

Lakini midomo ya watu haina breki. Wakanong'ona kwamba mikono ya mzee imechoka. Basi kwa huruma yao, huruma ya kijinga kuliko zote, wakaamua wasimsumbue. Nguo zikapelekwa kwa mafundi wa barabara kubwa. Wakipita kwake wanapunga mkono, "Pumzika, mzee wetu!", na miguu haisimami. Kigoda kikashika vumbi.

Kule zahanati nesi akampima presha, akakunja uso.

"Babu, dawa unameza?"

"Kila asubuhi."

"Na nyumbani unakaa na nani?"

"Tuko wengi. Mimi, cherehani na redio."

Nesi hakucheka. "Presha ikizidi kupanda hivi utaanguka, babu. Nani atakuokota?"

Fundi alirudi nyumbani na uchungu wa mtu aliyejiponza mwenyewe, tena kwa sindano yake.

Wiki hiyohiyo akaingia mjane wa nyumba ya kona, yule asiye na mazoea na mtu, ameshika blauzi aliyoshonewa hapohapo. Kifungo cha pili kinaning'inia. Fundi akapangusa kigoda kwa kiganja. Safari hii akaapa kuonyesha kwamba mikono bado ipo: akapitisha uzi, akaurudisha, akaukaza.

Mjane akamgusa kiwiko.

"Usikikaze, fundi."

"Dada yangu, si kitadondoka tena?"

"Acha kidondoke. Mara ya kwanza ulikilegeza wewe, ulidhani sikuona? Nikakishona mwenyewe, kikakaa imara." Akatazama mlangoni. "Jana nimekikata kwa wembe, nikabakiza uzi mmoja. Kwangu kule hata redio sina."

Fundi akaufumua uzi wote, akaanza upya, taratibu.